Dirisha kwenye Yai

Mayai huja Jumanne kutoka Fife
ndani ya gari la Bwana Farquhar, matope hadi vioo.
Daraja la mto Tay bado liko gizani.
Hushusha trei kwa trei, hupuliza viganja, husema, "Baridi,"
nami humjibu, "Baridi,"
na mazungumzo yetu ya wiki yamekwisha.

Nyumba yangu haina mlango.
Tulikitega kitendawili hicho Pangani, tukiwa na meno ya utoto,
na jibu lilikuwa jepesi mno, hakuna aliyelazimika kutoa mji.
Leo, kwenye ghorofa ya tatu mjini Dundee,
ninalipwa mshahara kuitoboa dirisha nyumba ile ile:
mkasi mdogo kama wa kucha,
utepe wa plastiki,
pumzi nimeibana.

Saa ya kumi na nane hakuna kuku. Kuna mstari,
mfereji mwembamba ambao seli zinautumbukia
kama watu waliosikia jina lao likiitwa kutoka chini.
Kisha pingili, kama za muwa, kushoto na kulia,
jozi mpya kila dakika tisini:
muda wa mechi ya mpira, bila mapumziko, bila refa.
Nyoka huikimbiza saa hiyo akapata pingili mia tatu.
Chura huisimamisha mapema, akaruka.
Moyo nao huanza kupiga
kabla haijapatikana damu ya kusukuma,
kabla haujajua unampigia nani.

Isla Geddes, wa meza ya pembeni, huchora kambamti.
Ananionyesha kwa ncha ya penseli:
neva zake kuu zimepita tumboni, zetu mgongoni;
moyo wake uko juu, wetu uko mbele.
Zamani, kabla ya mifupa, kabla ya mataya,
huenda kuna mmoja aliyelala kifudifudi akaamka chali,
na hakuna aliyemgeuza.
Juu ya usingizi huo tumejengwa
twiga, popo, Bwana Farquhar,
na mimi niliyeinamia darubini huku shingo ikiniuma,
shingo iliyokuwa mikunjo mitano kama ya samaki
kabla samaki hajaenda na yake kutengeneza matamvua.

Lakini siku ya nane ndiyo yangu.
Mguu wa kifaranga bado ni kasia.
Halafu, katikati ya vidole, seli zinapewa amri ya kufa,
nazo zinakufa kwa utaratibu, bila kilio;
zinanywea, majirani wanazimeza.
Kinachobaki ndicho tunakiita mguu.
Nilipoliona mara ya kwanza niliomba ruhusa, nikatoka,
nikasimama kwenye ngazi karibu na mashine ya kahawa.

Kwa bata amri hiyo huzuiwa njiani.
Kwangu pia, mguu wa kushoto,
kati ya kidole cha pili na cha tatu, barua haikufika.
Shuleni waliniita Bata.
Shangazi Mwanahawa alisema niliumbwa haraka haraka,
mafundi wanataka kufunga duka.
Mama akanivisha soksi katika joto lile la Pangani,
na kila aliyeuliza aliambiwa nina mafua.

Hapa hakuna anayeuliza habari za soksi.

Jumamosi nilikwenda bwawani, la ndani, lenye maji ya uvuguvugu
kama mashine yetu ya kutotoleshea mayai.
Mtoto mwenye miwani ya kuogelea
alichungulia mguu wangu kwa muda mrefu, akahema, akaniuliza:
"Wewe ni bata?"
Mama yake akawa mwekundu hadi masikioni.
"Robo tu," nikamwambia.
Akatafakari. Akanyanyua wake juu ya maji,
vidole vitano vimetengana, vimesinyaa,
akavikunjua kimoja kimoja kwa huzuni,
kama mtu anayehesabu alichonyimwa.