Jumamosi ya Matufe Madogo

Theluji ya Machi imegeuka masizi kandokando ya barabara.
Sisi wanne tunakung'uta viatu kizingitini
mwa ukumbi wa Cormier, New Brunswick,
na joto la ndani linatupokea na harufu zake:
nta ya sakafu, viazi vya kukaanga, soksi.

"Namba ngapi?" anauliza Fernande wa kaunta.
Miguu yangu haiulizii, anaijua tangu ina malengelenge.
Anaipima ya Maëlle kwa jicho, anashusha rafuni
viatu vya kamba nyekundu, vimelowa jasho la watoto
ambao leo wana vipara na mikopo ya nyumba.

Mume wangu Garth kakulia Saskatchewan.
Huko tufe lina uzito wa mtoto wa mwaka,
lina matundu matatu, unalivaa vidoleni.
Letu halina tundu. Linakaa kiganjani
kama chungwa la Krismasi.
"Hiki kichezeo," alisema mwaka tulipooana,
akatupa matatu, mfululizo, kwa madaha.
Pini saba, nyembamba kama mishumaa, zikabaki zinamtazama.
Tangu siku hiyo hana maneno mengi humu ndani.

Zacharie, miaka tisa, anarusha kama anayefukuza mbwa.
Mfereji unameza. Anarusha tena. Unameza.
Mfereji haujui kushiba.
"Punguza nguvu," anasema Garth.
"Ongeza nguvu, punguza hasira," nasema mimi,
na mtoto anatutazama kwa zamu
kama mtu aliyeonyeshwa njia na wenyeji wawili.

Baba yangu, Rosaire, alipanga pini humu kwa mikono
kabla mashine haijaja. Miaka kumi na mmoja,
ameketi nyuma ya ujia, juu ya ukingo, magoti kidevuni,
senti tano kwa mchezo, na pini zikiruka.
Kovu la muundi wake lilikuwa na umbo la koma.
Alinifundisha kwa sauti ile ile
aliyoitumia kuuzidi mngurumo:
Bega! Magoti! Macho mbele!
Kila neno alikuwa nalo, isipokuwa moja.

"Mama, mbona hizi zilizoanguka haziondolewi?"
Maëlle, miaka mitano, amelikumbatia tufe.
Garth anafungua mdomo, anaufunga: kwao huondolewa.
"Hapa zinalala pale pale. Ukizigonga vizuri
zinakusaidia kuangusha zilizosimama."
"Haziumii?"
"Ni mbao tu," anadakia kaka yake. "Mbao ni mti uliokufa."

Maëlle akaliweka tufe chini,
polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani.
Akakataa kucheza.
Tukambembeleza. Tukaahidi viazi. Akakataa.

Fernande ndiye aliyemshika mkono,
wakapotea nyuma ya mitambo dakika kadhaa.
Walipotokea, Maëlle alikuwa na pini kuukuu kifuani,
imechubuka tumboni, imepigwa rangi mara nyingi.
Akailaza kwenye kiti, akaifunika skafu yangu.
Kisha, bila kuambiwa, akaokota tufe,
akasimama mstarini, akalisukuma kwa mikono miwili.

Tufe likaenda.
Likaenda kama bibi kizee anayevuka barafu.
Ujia wa jirani wakaacha kucheza.
Bega! lilinijia hadi kwenye ulimi,
magoti! likalifuata, nikayauma yote mawili
hadi taya likauma.
Lilifika. Likaiegemea pini ya mbele.
Pini ikayumba,
ikafikiri,
ikabaki imesimama.

"Haikuanguka!" Maëlle akaruka, akapiga makofi. "Haikuanguka!"
Zacharie akashika kichwa. Garth akacheka hadi akakaa.
Fernande akaandika sifuri kwenye karatasi,
kubwa, ya duara safi, na hakuifuta.

"Vizuri," nikasema.
Nikalisikia neno likitoka, geni kidogo,
kama kiatu cha kukodi:
limevaliwa na wengi, si langu,
lakini halikunibana.