Kiwiko cha Bomba

Shauri namba tisa: maji ya paa.
Mlalamikaji, Mwanjaa binti Kombo, fundi cherehani.
Mlalamikiwa, Singano Shekigenda, mstaafu wa bandari.
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Bati la huyu lamwagia jiko la yule,
na mwaka wa nne sasa hawaamkiani.

Kwanza nilisogeza viti.
Ukiwakalisha uso kwa uso
macho huanza kupigana kabla ya ndimi.
Nikavipanga ubavu kwa ubavu, vitazame dirisha.
Nje, mtu alikuwa akipakia machungwa ya Muheza kwenye baiskeli,
moja likadondoka,
na wote wawili, bila kutaka, wakalifuata kwa macho.

Zamani nilikuwa na haraka.
Shauri langu la kwanza nililimaliza kwa robo saa,
nikagonga muhuri, nikajisifu.
Jioni ile aliyeshinda akapigwa jiwe.
Tangu hapo muhuri naufungia kabatini
mpaka wenyewe wauulizie.

"Sema, Bi Mwanjaa. Hatakukatiza."
Akasema maji. Akasema unga uliolowa,
sakafu, ukungu,
akasema maji tena.
"Bwana Singano, umesikia nini?"
"Nimesikia uongo."
"Sijakuuliza umeamini nini."
Akameza mate. Akarudia: unga, sakafu, ukungu.
Mwanjaa akageuza shingo kidogo,
kama mtu aliyeitwa jina lake
na sauti asiyoitambua.

Nikamtuma Singano akanywe kahawa.
Tukabaki wawili, nami sikuuliza kitu.
Kunyamaza ni kazi, huuma mataya.
Feni ikazunguka, ikakwama, ikazunguka.
Ndipo akalitoa lililolala chini ya maji:
"Siku ya matanga ya mama yangu
redio yake iliimba mpaka alasiri."
"Nimwambie?"
"Hapana."
Akaokota uzi kwenye kanga yake, akauviringa, akautupa.
"Mwambie."

Singano alikuwa ameshika kikombe kitupu.
Hakuuliza redio ipi.
"Siku ile nimelazwa Bombo.
Funguo anazo mjukuu.
Niliporudi nikatoa salamu, haikupokewa.
Nami nikaacha kutoa."

Husema Tanga waja leo, kuondoka majaliwa.
Kinyongo nacho kilikuja siku moja tu,
kikapanga chumba, kikalipa kodi ya miaka.
Hilo sikulisema. Lilinijia tamu mno ulimini,
na neno tamu la msuluhishi
mara nyingi ni la kumfurahisha msuluhishi.

Nikawarudisha. Akayasema mwenyewe, ya Bombo, akitazama dirisha.
Mwanjaa akasema, "Hee."
Basi.

Tukaja kwenye bomba: inchi nne, mita sita, kiwiko kimoja.
Nikapendekeza nusu kwa nusu.
Wakanikatalia kwa pamoja,
jambo lao la kwanza la pamoja kwa miaka minne.
Bomba la Singano, maana paa ni lake;
kiwiko na chai ya fundi, Mwanjaa,
"nisije nikasimangwa."
Nikaandika vile vile, na kusimangwa nikakuandika.

Masika yakapiga. Usiku nililala nikisikiliza bati langu
nikiwaza la kwao.
Asubuhi nikapita, kama niendaye sokoni.
Hawajawa marafiki, wala karatasi haikuahidi hilo.
Redio ilikuwa chini, yasoma habari.
Kiwiko kinavuja kidogo pale kilipounganishwa.
Chini yake kuna ndoo ya buluu.
Sikuuliza ni ya nani.