Masijala

Miaka thelathini na mmoja nimetunza majalada
ya ardhi, hapa Tanga mjini, ghorofa ya pili,
kabati la nne likisimamia tofali.
Najua karatasi inavyosema uongo:
haipigi kelele. Inagongwa muhuri.

Sasa nimestaafu. Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
usiku, kwa bando la mwanangu Kombo,
nafungua vitabu vya ardhi vya Ayalandi
vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa.
Namtafuta mtu aliyetuachia jina akaenda zake.

Garati.
Mtaani wanadhani ni la Kidigo, wengine la Kihindi.
Darasa la kwanza mwalimu aliandika Karatasi,
na mwaka mzima nikaitika:
Mwanamvua Karatasi. Nipo.
Bibi Mwanatumu, kule Pongwe, alilitamka
kama anayesafisha koo.
"Geraati. Mpima. Alikuja na mnyororo,
akapima mkonge, akapima na yasiyopimwa."
Anacheka. Kisha hacheki.

Herufi zao nyingine zimekaa tu, hazitamkwi,
kama wageni wa arusini wasiojulikana ni wa upande gani.
Siku tisa nilipita juu ya jina letu nisilione.
Ya kumi, saa nane za usiku, hili hapa: Geraghty,
kijiji cha Knockabo, kiwanja namba saba,
nyumba ya nyasi, banda, eka tatu za majimaji.

Nikainuka nimwamshe Kombo.
Nikaketi tena,
maana safu nazijua.
Jina letu lilikuwa kwenye safu ya mpangaji.
Kwenye safu ya mwenye ardhi, bwana mmoja,
na ukurasa wa mbele bwana huyohuyo, na wa nyuma huyohuyo,
kijiji kizima, hadi karani akachoka kumwandika
akawa anaweka vijistari viwili tu: kama juu.

Miaka kumi na miwili baadaye, wino mwekundu.
Geraghty kakatwa kwa rula.
Pembeni neno moja. Nililitafuta kwenye kamusi
na sikuwa na haja, nimeliandika mwenyewe mara ngapi
kwa Kiswahili safi, kwa kalamu ya serikali:
Pako wazi.
Walikwenda wapi? Hakuna safu ya swali hilo.

Ndipo nikaikumbuka ramani.
Ramani ya shamba la mkonge, ya kitambaa, imeliwa na mende pembezoni.
Nimeikunjua mara mia kwa mikono hii,
kwa wanasheria, kwa wawekezaji, kwa mkuu wa wilaya mmoja mwenye haraka.
Chini kulia sahihi ndogo ya mpima,
zile herufi bubu ambazo sikuwahi kuzisoma.
Na katikati, penye mkwaju,
pale Bibi alipokuwa akivua kandambili kabla ya kupita
kwa sababu mama zake wamelala,
kwa mwandiko uleule mzuri, wa mtu aliyefundishwa vema:
ardhi tupu.

Nilitaka kumkasirikia.
Nikamwona mtoto, Knockabo, mvua inamnyeshea,
anamtazama mtu mwenye rula.
Nikamkasirikia hata hivyo.

Alfajiri Kombo kaja na chai. "Umempata?"
"Nimempata. Alikuwa mpangaji."
"Kumbe," akasema, akatazama dari inayovuja,
dari ya Mzee Bashrahili, ya kodi ya miezi sita.

Alipokwenda kazini nilichukua daftari lake la mauzo,
nikapiga mistari, mkono wangu haujasahau.
Kiwanja: penye mkwaju, Pongwe.
Mwenye ardhi: Mwanatumu. Mamaye, Mashavu.
Mama wa mamaye, Nyamvumba.
La nne Bibi aliniambia, nami nimelisahau,
nilikuwa mdogo, nilikuwa nakula ubuyu.

Safu hiyo nimeiacha.
Sikuandika kitu.
Sikuandika kwamba pako wazi.