Nimeung'oa Ukoka Wako

Nimeung'oa ukoka wako, Mihran.
Sitaki uambiwe na mtu mwingine.
Miaka thelathini na mmoja uliukata kila Jumamosi,
ukiupiga mistari kama shati la harusi,
nao ukanywa, ukanywa, hapa Fresno
ambako mvua ni mgeni wa miezi michache
na Julai hata kivuli hutafuta kivuli.

Ankara ya maji ilikuja, jina lako bado juu yake.
Niliilipa. Kisha nikaingia gereji,
nikatoa maboksi ya zabibu kavu, yale uliyokataa kutupa,
nikayapasua, nikayalaza juu ya majani mabichi,
nikayalowesha, nikayafunika kwa magome.
Miezi mitatu nilikuwa na kaburi la pili, mlangoni.

Oktoba, Delfino wa jirani akaja na miche tisa kwenye beseni.
"Salvia," alisema.
Nikafikicha jani, nikanusa:
ndugu wa mnanaa huyu, binamu wa mrehani,
shina la pembe nne kama penseli ya seremala,
majani ya kijivu, yana malaika kama sikio la paka.
"Akishashika, maji kidogo. Mwache ajitafutie."

Sikumwacha.
Wewe unajua kwa nini.
Zile siku za mwisho Mai Yia, muuguzi, alinikataza kukunywesha;
koo lako lilikuwa limesahau njia.
Alinipa kijiti chenye sponji nikupake midomo,
nawe ukakinyonya kama mtoto,
ukanitazama.

Basi nikamwagilia. Asubuhi. Jioni.
Na usiku, kwa bilauri yako ya buluu,
nikiwa na nguo ya kulalia, nimeinamia miche,
nikinong'ona kunywa, kunywa,
hakuna anayetuona.

Kufikia Desemba sita ilikuwa imeoza.
Niliivuta ikaja bila ubishi, mizizi myeusi,
inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa mezani.
Delfino hakunicheka. Alipiga goti,
akazamisha kidole udongoni mpaka pingili ya pili,
akakitoa kikichuruzika.
"Umeiua kwa huruma, bibi."
Neno hilo nililitafuna majira yote ya baridi.

Mitatu iliyobaki niliifunza, au ilinifunza:
maji ya kushiba mara moja, kisha wiki mbili za kunyamaza.
Changarawe shingoni, shina lisilale na matope.
Mbolea hapana; ukimnonesha atalala chali kama mlevi.
Februari, vichipukizi vikichungulia, kata,
ila usikate mpaka kwenye kuni kavu ya chini,
hapo hakuchipui kitu.
(Hilo nililiandika nyuma ya ankara.)

Sasa ni Julai tena. Nyuzi arobaini na mbili.
Ukoka wa ng'ambo ya barabara una rangi ya mkate,
na mwenyewe anautazama kutoka dirishani, mikono nyuma.
Kwetu kuna zambarau hadi kiunoni,
na mwekundu mmoja asiye na haya, kando ya ngazi,
pale ulipokuwa ukivulia viatu.

Sikujua, Mihran, mpaka nilipovaa miwani:
kila ua ni midomo miwili,
wa chini umetokeza.
Jana ndege mvumaji, mdogo kuliko chozi,
alisimama hewani mbele ya mmoja,
akauchovya mdomo wake, akautoa, akauchovya.
Bomba lilikuwa mkononi mwangu.
Nikalifunga.

Jumamosi bado naamka saa ya mashine yako.
Leo Delfino ameomba mbegu; nimemwambia asubiri.
Nimekata vijiti vitatu, nimevua majani ya chini,
nimevisimamisha kwenye bilauri ya buluu, dirishani pa jiko.
Hao bado hawana mizizi.
Hao nawaruhusu kunywa.