Gauni Nililishona Mimi

Wameandika limetoka Dubai.
Limetoka Soko Kuu, kibanda cha tatu ukipita wauza dagaa,
yadi mbili na nusu za satini, rangi ya zambarau iliyoiva,
na bitana niliikata kwenye pazia la marehemu shangazi.
Elfu saba ya ufundi sijalipwa mpaka leo.

Somoe Nachundu. Kifua thelathini na sita,
kiuno ishirini na nane, ukimwambia asipumue.
Daftari langu linasema hivyo,
na daftari langu halijawahi kuuza nakala.

Ilikuwa miaka ile ya gesi.
Shangani nyumba zilipangishwa kwa dola,
mwenye chumba cha uani naye akajiita mwenye hoteli.
Ukumbi ukafunguliwa, wakatafuta wasichana wa mapokezi:
kucheka, kuonyesha meza, kukumbuka nani anakunywa nini.
Somoe alikumbuka.
Mainjinia aliwajua kwa bia zao,
wanunuzi wa korosho kwa madeni yao,
akamkumbuka na mheshimiwa mmoja wa soda ya tangawizi
ambaye hakutaka kukumbukwa.

Kisha ile picha.
Mlangoni, mwanga wa gari usoni,
mkono wa mtu begani kwake. Mkono tu, na saa yake ya dhahabu.
Mwenye mkono wamemkata.
Yeye hawakumkata.
Gazeti la Kikaango, ukurasa wa mbele, wino mwekundu:
MALKIA WA GESI ALIPUA NDOA YA KIGOGO.

Basi la Dar lilishusha vifurushi saa kumi,
saa kumi na moja hapakuwa na nakala.
Wasiojua kusoma walisomewa.
Juma la pili akawa na mimba ya mapacha.
Juma la tatu kavuka Ruvuma na sanduku la dola.
La nne ana jini, tena la kiume, tena lina wivu.

Majuma yote hayo alikuwa kwangu, hapa Chikongola,
nyuma ya kanga niliyotundika mlangoni,
akishona vifungo, akikosea, akifumua.
Mama yake alipiga simu kutoka Newala.
Hakuuliza kama ni kweli.
Aliuliza, "Hizo dola umeziweka wapi?"

Somoe alicheka kile kicheko cha kazini.
"Fundi," akasema, "huyu wanayemwandika
anaishi vizuri. Ningependa tufahamiane."

Wageni wa gesi wakapungua, wakaisha.
Ukumbi sasa ni ghala la magunia ya korosho.
Kikaango walipata mwingine, wa Morogoro, mwenye chui.
Na mheshimiwa alikuja kuzindua kisima;
utepe alioukata niliupinda mimi,
nikaiona ile saa.

Magazeti sikuyatupa.
Fundi hatupi karatasi pana.
Niliyakatia patani za sare za shule:
kola imepita kwenye shavu lake,
kwapa limekula neno NDOA,
na MALKIA amekuwa mfuko wa kaptura.
Kila Januari watoto wa Ligula
huvaa umbo la habari ile mabegani
wakaenda nalo darasani, wakalichafua kwa wino wao.

Mwezi jana aliingia bila kubisha hodi.
Amenenepa, imemkaa vizuri.
Yuko mapokezi, zahanati moja njia ya Naliendele,
anakumbuka nani anakunywa dawa gani.
Akafungua mfuko wa rambo: lile gauni.
"Nipanulie kiuno, kuna harusi ya mdogo wangu."
"Utalivaa? Hilo hilo?"
"Ni langu," akasema. "Picha ndiyo yao."

Nililigeuza, nikampa aone mshono:
inchi mbili nilimwachia ndani, kila ubavu,
tangu siku ile aliyokuwa hapumui.

Akavua viatu, akainua mikono nimpime.
Ya elfu saba hakuitaja,
yeye anayekumbuka kila kitu.