Safu ya Tatu

Nje ni digrii ishirini chini ya sifuri,
ziwa limeganda hadi kwenye mawe ya Duluth.
Ndani, kila msemaji ana dakika mbili;
taa nyekundu ikiwaka, kauli inakatwa kama uzi.
Kazi yangu ni kuandika:
jina, mtaa, anaunga mkono au anapinga.

Bwana Halvorsen wa duka la viatu anapinga.
Kila asubuhi anaosha kizingiti chake kwa maji ya moto,
na maji yanaganda kabla hajatua ndoo.
"Watibiwe kwanza, ndipo wapewe funguo.
Mtu ukimfungia ndani na ugonjwa wake, umemsaidia nani?"
Si mtu mbaya. Novemba aligawa buti jozi arobaini;
hakulisema hilo. Nalijua mimi,
na nisichokisikia kikaoni siruhusiwi kukiandika.

Daktari Nirmala Pillai anaunga mkono.
"Sindano ya mwezi nitamchoma wapi
mtu asiye na pa kukutwa?
Vidonge vinaibwa pamoja na viatu, usiku uleule.
Mpeni kwanza ukuta wa kuegemea."
Makofi. Mwenyekiti anagonga meza.

Kisha Marlys Aho, mkoba kifuani kama mtoto mchanga.
Kaka yake alipewa nyumba, Machi iliyopita.
Siku ya tisa akaikokota friji hadi kwenye ngazi
kwa sababu ilikuwa ikimsema.
Siku ya kumi na mbili akaung'oa mlango.
Ufunguo anao bado, kaufunga shingoni kwa kamba ya kiatu.
"Msiniulize niko upande gani," anasema.
"Nilitaka mtu wa kubisha hodi siku ile ya tisa.
Mmoja tu."
Taa nyekundu.
Safu yake ya tatu nimeiacha wazi.

Jina la mwisho: Wendell Aho.
Hatukujua kama yumo.
Anatoka nyuma kabisa, kwenye kipasha joto,
makoti matatu, buti mpya.
Anaitazama maikrofoni kwa muda mrefu,
huenda nayo inamsema.
"Friji," anasema. "Nipeni nyumba isiyo na friji.
Baridi huku kwetu ni ya bure."
Mtu anacheka, kisha anakohoa kuificha.
Dakika moja na ushei imebaki, ni mali yake,
naye anaisimamia yote, kimya,
wala hakuna anayethubutu kumwambia akae.

Nimeandika: Aho, W.
Mtaa:
kalamu ikasimama.