Swali la Kumi na Nne

Kaa hapa, binti wa chuo, si kwenye kile kiti cha dirishani,
kile mguu wake mmoja umelegea.
Haya, uliza.
Jina: Mize Faki Shaame. Mtaa: Jadida, Wete.
Kazi: alikuwa fundi cherehani.
Hapana, futa hilo "alikuwa". Andika fundi.

Swali la kumi na nne unataka thamani ya kilichoibiwa.
Cherehani ya miguu, ya marehemu mama,
niliyokuwa nikiitia mafuta kila Ijumaa kabla ya adhana:
weka laki mbili na nusu, ndivyo wasemavyo sokoni.
Na vitambaa vya watu kumi na saba, siku tisa kabla ya Idi,
kila kimoja na kikaratasi chake kimebanwa kwa pini:
bega, kiuno, urefu wa mkono.
Vikaratasi hivyo utavitia shilingi ngapi?
Mtaa mzima ulikuwa mle, mwili kwa mwili.
Nilijua nani kanenepa, nani kakonda na hasemi,
nani kaniambia, "Niachie nafasi tumboni," kisha akacheka.

Asubuhi ile niliukuta mlango umeegeshwa taratibu,
kama aliyetoka hakutaka kuniamsha.
Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo:
ile adabu yake.

Kituoni wakanitaka risiti.
Risiti ya mama yangu!
Sheha akauliza kitasa kilikuwa cha aina gani.
Shoga yangu akauliza mbona usingizi wangu mzito hivyo.
Nikarudi nyumbani nimeulizwa mimi yote,
mwizi hakubakishiwa hata swali moja.

Wateja nao wakaja.
Wa kwanza alinipa pole na kilo ya sukari.
Wa tano alinipa pole huku macho yakipekua ukuta.
Wa kumi na moja hakukaa:
"Watu wanasema umeiuza."
Idi ile sikutoka. Nilichungulia upenuni
watoto wakipita na nguo za mwaka jana,
pindo zimeshushwa, alama ya mshono wa zamani
imebaki nyeupe juu ya vifundo vya miguu.
Ule mstari, binti, nauona hata nikifumba macho.

Wewe umesoma, hebu nambie.
Aliyechukua ana majina tele:
mwizi, kibaka, mdokozi, mnyang'anyi.
Mimi nina kitenzi tu: nimeibiwa.
Karatasi yako inaniita mwathiriwa.
Neno zuri, limepigwa pasi,
lakini hakuna abishaye hodi mlangoni akaniita hivyo.
Mtaani mimi ni "yule wa vitambaa."

Usiku nautia mchi nyuma ya mlango. Mwanangu ananicheka.
Paka akiruka juu ya bati, nahesabu mpaka arobaini
ndipo pumzi irudi.
Mchana natazama mishono ya watu.
Juzi, njia ya Limbani, nikaona kitoto
kimevaa kitambaa cha samawati chenye vitone vyekundu.
Nakijua. Niliwahi kukiosha mwenyewe, kisije kikaruka.
Mama yake namjua pia.
Tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumbani.
Pengine alikinunua, pengine hajui kitu;
sikuuliza, nimechoka na maswali.
Lakini bega lilikwenda upande, jamani, lilikwenda upande,
na hasira zangu zote zikanihama,
nikabaki na vidole vinavyowasha
kutaka kulifumua na kulirudisha mahali pake.

Hilo utaliweka kwenye kisanduku gani?
"Hofu"? "Hasira"? "Mengineyo"?

Umefika swali la mwisho: nisaidiwe vipi.
Basi shika kalamu vizuri, uandike ninavyokutajia.
Asha wa Bopwe: bega kumi na nne na nusu, kifua thelathini na nane.
Bi Kazija: kiuno arobaini na mbili, mkono uwe mfupi, anapika kwa kuni.
Bwana harusi wa Mtemani: kanzu, hamsini na sita, kola asiitaki.
Kumi na sita ninao kichwani.
Wa kumi na saba kanitoka, namtafuta kila nikisali.

Nafasi imekwisha?
Geuza karatasi.